Nimechoka na nadharia, niache chuo niende kuediti video River Road?

"Habari mwalimu. Mimi niko mwaka wa pili, nasoma mawasiliano na midia kwa chuo kimoja hapa Nairobi. Nilichagua hii kozi juu nilikuwa nataka kusoma habari kwa tivii. Sasa mwaka mmoja na nusu umeisha na sijawahi shika kamera hata siku moja, ni nadharia tu, Lasswell sijui na nani, notisi za lekchara na mtihani. Semista iliyopita nilipata sapu, yaani mtihani wa kurudia, ya nadharia za mawasiliano. Binamu yangu anaediti video za harusi na za wasanii huko River Road, hakusoma popote, na kila wikendi ana pesa. Wenzangu wengine wana maelfu ya wafuasi TikTok na mimi naogopa hata kuongea mbele ya darasa, alafu Kingereza changu si kile cha tivii. Mama anauza mitumba Gikomba ndio anilipie karo na naona ni kama namuibia. Nimefikiria niache, ile karo ya semista ijayo ninunue kamera niende kwa binamu. Siku hizi hata darasani siendi sana, nalala tu. Nifanye nini?"

Dadangu, kabla ya kitu kingine chochote, hiyo kamera usinunue bado. Soma hadi mwisho alafu uamue, na ukiamua kuacha chuo baada ya hapo sitakugombeza, lakini pesa ya Gikomba ikishaingia kwa kamera hairudi, uliza mtu yeyote amewahi jaribu kurudisha kitu kwa maduka ya elektroniki ya Luthuli Avenue. Mimi nafundisha hii kozi, na kabla ya kufundisha nilikuwa ripota wa redio nikilipwa kwa stori, kwa hivyo haya nakuambia nimeyaona nikiwa upande wa darasa na nikiwa kule nje pia.

Nimesoma swali lako mara tatu na hakuna mahali umesema hupendi kazi ya habari. Umesema pesa ya mama inaenda, miezi inaenda, na mikono yako bado haijui kufanya kitu ambacho mtu anaeza kulipia. Hofu yako iko na msingi kabisa. Sitakuambia vumilia tu mambo yatakuwa sawa, manake kuna watu nimefundisha walivumilia miaka minne yote wakingoja kufundishwa, wakatoka na digrii nzuri na hawana hata stori moja ya kumwonyesha mhariri, na mpaka leo wananipigia simu wakiuliza kama nimesikia mahali wanaandika watu. Inaniuma kila nikipokea hizo simu, ndio sababu nataka tuongee sasa ukiwa bado mwaka wa pili.

Wacha nianze na hii ya kutoshika kamera. Vyuo vyetu vingi vimepanga hii kozi hivi, mwaka wa kwanza unasoma yuniti za kila mtu, kompyuta, stadi za mawasiliano, HIV, utangulizi wa hiki na kile, mwaka wa pili nadharia na historia ya vyombo vya habari na uandishi wa mwanzo mwanzo, alafu utayarishaji wa redio na runinga, upigaji picha, uhusiano mwema na atachimenti, yaani mafunzo ya kazini, vinakuja mwaka wa tatu na wa nne. Sababu moja ni nzuri, kwamba hutaki kumpa mtu kipaza sauti kabla ajue sheria ya kashfa inasema nini. Sababu ingine si nzuri, ni uhaba wa vifaa. Niliwahi kupewa darasa la watu 140 na kamera sita. Hiyo ni watu 23 kwa kamera moja, na kwa praktiko ya saa tatu kila mtu anaishika dakika saba na kitu, kama zote ziko na betri. Wanafunzi wangu walikuwa wanalipa karo kama wewe na nilikuwa naona haya kusimama mbele yao. Kwa hivyo ukingoja chuo kikupe mkono wa kamera utangoja sana, hapo uko sahihi. Vyuo vya diploma huwa tofauti kiasi, kama KIMC, Taasisi ya Mawasiliano ya Umma ya Kenya, pale South B, ambayo ilianza 1961 kufunza mafundi wa utangazaji, huko mkono unaingia kazini mapema. Digrii imepangwa kukupa kitu kingine, na hicho kitu kingine ndicho hujaonyeshwa vizuri.

Lakini kwanza tivii. Ukiangalia habari za saa moja jioni unaona mtu mmoja, labda wawili. Nyuma yao kuna maripota, wapiga picha, wahariri wa video, prodyusa, mtu wa grafiki, fundi wa sauti, mhariri anayeamua stori gani inatangulia na gani inatupwa, na siku hizi kuna mtu kazi yake ni kukata vipande vya mtandao. Kile kiti cha mbele ni kimoja na kinakaliwa na mtu mmoja miaka na miaka. Kuchagua kozi ya miaka minne kwa sababu ya hicho kiti ni sawa, wengi wetu tuliingia hivyo, ila usipime kozi nzima na hicho kiti pekee.

Na ujue vile pesa inavyotembea kwa hizo nyumba, juu hakuna mtu hukufafanulia hii mapema. Mishahara ya ripota inatoka kwa matangazo ya biashara. Mwaka 2015 Kenya ilizima mitambo ya analogi tukahamia dijitali, stesheni zikaongezeka sana, na kampuni zinazotangaza sabuni na unga hazikuongezeka kwa kasi hiyo, kwa hivyo keki ni ile ile na wanaokula ni wengi. Mwaka huo huo serikali ikakusanya matangazo yake chini ya wakala mmoja. Alafu Google na Facebook wakachukua sehemu kubwa ya pesa ya matangazo ambayo zamani ilikuwa inaenda kwa magazeti. Ndio maana umesikia watu wakiachishwa kazi kwa vyumba vya habari, na ndio maana ripota wengi chini hawajaandikwa, wanalipwa stori ikitumika. Mimi nilianzia hapo. Unaenda Kasarani, unarudi, unaandika, mhariri anasema leo hakuna nafasi, na nauli ni yako. Nakuambia hii si kukutisha, ni ndio usije ukadhani wewe ndio umeshindwa siku utakapokutana nayo.

Sasa wale wanafunzi wangu wanaokula kutokana na hii kozi wako wapi? Wachache wako kwa vyumba vya habari. Wengi wako mahali ambapo mwaka wa pili hawakuwa hata wanajua kuna kazi. Kaunti zote 47 zinatakiwa kuwasiliana na wananchi, Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 ina sehemu nzima juu ya mawasiliano ya umma, na mtu lazima aandike zile taarifa, apige zile picha, aeleze wananchi bajeti kwa lugha wanaelewa. Kuna mahospitali, masako, mashirika ya maji, mashirika yasiyo ya serikali, ofisi za Umoja wa Mataifa pale Gigiri. Kuna wale wa kuhakiki habari kama Africa Check na PesaCheck, ambao kazi yao ni kushika uongo unaozunguka WhatsApp na kuupima mstari kwa mstari. Hakuna hata mmoja wa hawa atakuuliza una sura ya tivii.

Hapo ndio nadharia inaingia, na naomba uniskize hapa vizuri kwa sababu hii ndio yuniti imekupa sapu. Nadhani ulifundishwa majina na miaka, ukakariri, ukayatapika kwa mtihani. Ningefundishwa hivyo pia ningefeli. Wacha nikuchukulie mmoja tu, Everett Rogers. Huyu alilelewa kwa shamba Iowa, Marekani. Babake alipenda sana mashine mpya za shamba lakini mbegu mpya ya mahindi, ile ya haibridi, aliikataa. Mwaka 1936 kukaja ukame. Mahindi ya jirani aliyekubali haibridi yakasimama, ya kwao yakanyauka. Huyo kijana akakua na swali moja kichwani, mbona mtu mwenye akili timamu asikie habari nzuri, aelewe, na bado asibadilike? Mwaka 1962 akatoa jibu lake refu, na ukitoa maneno magumu anasema watu wengi hawabadiliki kwa kusikia tangazo, wanabadilika wakiona mtu wa hali yao amejaribu, wakiweza kujaribu kidogo bila hasara, na wakiona matokeo kwa macho yao.

Sasa lete hiyo nyumbani. M-Pesa ilianza 2007. Matangazo yalikuwa kila mahali ya kutuma pesa nyumbani, sawa, lakini nyanya yako huko ushago hakuingia kwa sababu ya bango. Aliingia kwa sababu mtoto wake wa Nairobi alimtumia elfu moja, na kwa sababu kulikuwa na ajenti pale soko, mtu anamjua kwa jina, akamshikia simu akamwonyesha bonyeza hapa. Mtu wa mawasiliano anayeelewa hivyo akipewa kazi ya kuhimiza chanjo Mathare hataanza na kuchapisha mabango elfu tano, ataanza kwa kuuliza kina mama wa pale wanamwamini nani. Hiyo ndio tofauti ya mtu analipwa kupiga picha ya mkutano na mtu anaitwa kwa mkutano kupanga. Binamu yako, na namheshimu, hataipata hiyo kwa kompyuta ya kuediti.

Nyingine ujaribu mwenyewe leo. Mwaka 1968 watafiti wawili, McCombs na Shaw, waliwauliza wapiga kura 100 wa mji wa Chapel Hill, Marekani, ambao walikuwa bado hawajaamua watampigia nani, ni mambo gani wanaona ni makubwa, alafu wakalinganisha na vile vyombo vya habari vilikuwa vinaandika. Vilikaribiana mno. Chukua daftari, saa moja jioni andika vichwa vitano vya kwanza vya stesheni mbili. Kesho ukiwa kwa matatu toa earphone masikioni, uskize watu wanabishana juu ya nini. Fanya hivyo wiki moja. Ukirudi kwa sapu utaandika kitu umeona na macho yako, na mimi nikisahihisha huwa najua kwa mistari miwili tu nani ameona na nani amekariri.

Kuna na yuniti ya sheria na maadili, ambayo wanafunzi wanaiona ni ya kulala. Septemba 2023 Kamishna wa Data alipiga shule moja ya hapa Nairobi faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za watoto mtandaoni bila idhini ya wazazi, na klabu moja ya burudani 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja bila ruhusa yake. Mtu fulani alibonyeza kitufe cha kuposti hizo picha. Pengine ni kijana mzuri, anajua kupiga picha safi, anajua kuediti, hakuna mtu aliwahi mwambia kuhusu Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Mwajiri akishaona faini kama hiyo anaanza kutafuta mtu anayejua sheria pamoja na kamera.

Nikuonyeshe vile haya yote yanakutana kwa karatasi moja. Mwanafunzi wangu mmoja aliniletea stori ya maji, mtaa wa Embakasi, ilianza hivi: "Wakazi wamelalamikia ukosefu wa maji ambao umekuwa kero kubwa kwa muda mrefu." Nikamuuliza muda mrefu ni siku ngapi? Hakujua. Wakazi ni nani na nani? Kimya. Nikamwambia rudi uulize watu watatu mtungi wa lita ishirini walinunua pesa ngapi wiki jana na leo ngapi. Alirudi siku ya pili na karatasi imekunjwa kunjwa, imelowa jasho, na stori ikaanza hivi: "Mtungi wa maji uliokuwa shilingi 10 wiki iliyopita, jana uliuzwa 30, na mama wa kibanda karibu na stage ameacha kupika maharagwe kwa sababu yanakunywa maji mengi." Hiyo ya maharagwe haiwezi kutungwa ukiwa kwa hosteli. Na ona kitu kingine, stori ya kwanza inafanya wakazi waonekane watu wa kulalamika, ya pili inaonyesha hesabu ya mtu jikoni mwake. Kwa darasa tunaita hiyo fremu, yaani unachagua kuonyesha nini na kuacha nini, na msomaji anafuata pale umemwelekeza. Huyo mwanafunzi alikuwa mwoga wa kuongea kuliko wewe. Lakini anajua kuuliza na kunyamaza, na mtu akinyamaziwa huwa anaendelea kuongea.

Hiyo inanileta kwa woga wako na Kingereza. Ripota mzuri anaskiza zaidi ya kuongea, kwa hivyo aibu si ugonjwa hapa. Kingereza cha kuandika utakihitaji, siwezi kukudanganya, ripoti na barua za kazi nyingi za Nairobi ni Kingereza, na kinanolewa kwa kusoma kila siku na kuandika upya. Lakini lafudhi ya tivii hapana. Kuna Taifa Leo, kuna bulletini za Kiswahili kila stesheni, kuna idhaa za kimataifa za Kiswahili zenye waandishi hapa mjini, kuna hata stesheni ya Sheng, Ghetto Radio. Mtu anayeandika Kiswahili kisafi na kinachosikika kama watu wanavyoongea ni nadra sana, wahariri wanamtafuta na hawampati. Wenzako wa TikTok usiwaogope wala usiwadharau. Wamejifunza kukabili kamera, hilo ni kubwa. Ila ukiwauliza wafuasi wao ni kina nani, wanaishi wapi, na mbona video ile ilitembea na hii haikutembea, wengi hawana jibu, na hilo swali ndilo yuniti yako ya utafiti inafundisha kujibu. Na hizi programu za akili bandia zinaandika taarifa kwa sekunde, lakini haziwezi kuenda kwa kibanda kuuliza juu ya maharagwe.

Turudi kwa binamu. Mulize maswali mawili kabla hujamfuata. Moja, Januari huwa anapata kazi ngapi, juu harusi ni za Aprili, Agosti na Desemba, na wikendi unayoiona na pesa si kila wikendi. Pili, ni nani huwa anaongea na mteja na kupanga bei, yeye au mwenye duka? Kama ni mwenye duka, basi binamu ni fundi wa kuajiriwa, na bei yake itashuka kila kijana mwingine akijifunza hiyo programu. Pengine atakujibu vizuri na nitakuwa nimekosea, kuna watu wamejenga nyumba kutokana na River Road. Hata hivyo, sioni mbona uchague. Enda kwake Jumamosi. Kaa nyuma ya kiti chake, mbebee hata chai, uone vile anapanga faili, vile anakata, vile analinganisha sauti na midomo. Miezi sita ya Jumamosi itakupa mkono ambao wenzako darasani hawana, na karo ya mama inabaki mahali pake.

Kuhusu vifaa, simu uliyotumia kuniandikia inatosha kuanza. Anza na sauti, usianze na picha. Picha mbaya watu wanavumilia, sauti mbaya wanafunga. Weka simu umbali wa ngumi moja kutoka mdomoni, pembeni kidogo si mbele kabisa, ndio ile pumzi ya P na B isipige. Alafu kuna kitu unacho ambacho chuo chenu pengine hakina. Kuta za simiti zinarudisha sauti, ndio maana ukirekodi darasani unasikika kama uko kwa tangi. Nguo zinameza sauti. Pale mama anapoweka mabelo ya mitumba, katikati ya nguo zimeninginia, ni studio nzuri kuliko vyumba vingi nimerekodia, jaribu tu uniambie.

Atachimenti usingoje mpaka barua itoke. Inakuja mwaka wa tatu, na ofisi nyingi hupokea maombi miezi kadhaa mbele, wanataka barua ya chuo, bima na CV, na wewe ongeza stori tatu ulizofanya mwenyewe, utakuwa umewapita wengi kwa foleni. Ushauri wangu ni utafute stesheni ndogo au ofisi ndogo. Kwa jina kubwa utakaa miezi mitatu ukiangalia wengine, kwa ndogo wiki ya pili unatumwa mjini. Baraza la Vyombo vya Habari hutoa kadi za wanafunzi pia, uliza idara yenu. Atachimenti mara nyingi haina malipo, kwa hivyo nauli muanze kuiweka sahii kidogo kidogo. Na mtu yeyote akikuambia nafasi iko lakini mkutane kwanza jioni mahali fulani, hiyo si nafasi, toka hapo na umwambie msimamizi wako wa chuo. Nimeona wasichana wazuri wakinyamaza juu ya hilo mpaka wakaacha kozi.

Sasa, kuna wakati kuacha ni sawa? Uko. Kama karo imefika mahali mama anakopa shailoki, wale wakopeshaji wa riba kubwa, ama anauza mtaji wa biashara, usingoje mwisho wa semista, enda ofisi ya fedha uombe kulipa pole pole, angalia mkopo wa HELB, ile bodi ya mikopo ya elimu ya juu, umeomba na imefika wapi, na ikishindikana omba kudifa, yaani kusimamisha masomo kwa barua rasmi. Barua ndio muhimu. Ukitoweka tu bila kuandika, kurudi kunakuwa vita, na mkopo wa HELB haufutiki eti kwa sababu uliacha shule. Kama unataka kazi ya mikono haraka, diploma ni njia ya heshima na usiruhusu mtu akuambie ni kushuka, ila kabla ya kuhama uliza kwa maandishi yuniti zako zipi zitahesabiwa. Na kama ukimaliza atachimenti na bado unaona hii kazi haikuingii moyoni, hapo nitakusaidia mimi mwenyewe kufikiria kitu kingine. Lakini kuacha sahii, kabla hujaripoti stori hata moja, ni kuacha kitu ambacho hujakionja.

Sapu yenyewe isikunyime usingizi, vyuo vingi ukipita unapewa alama ya kupita na maisha yanaendelea. Kutoenda darasani ndio kunanitia wasiwasi, manake vyuo vingi vinataka uwe umehudhuria theluthi mbili ya masomo ndio uruhusiwe kufanya mtihani, na ukizuiliwa hapo utakuwa umeacha chuo bila kuamua.

Na huko kulala. Hii siwezi kuimaliza kwa maandishi, dadangu, na sitajaribu. Kama imepita wiki mbili karibu kila siku uko hivyo, huna hamu ya vitu ulivyokuwa unapenda, chakula kimebadilika, unajiona mzigo, basi hiyo si uvivu na si ukosefu wa shukrani kwa mama. Enda kwa ofisi ya mkuu wa wanafunzi uulize mshauri nasaha, vyuo vingi huduma hiyo ni ya bure kwa mwanafunzi na hakuna mtu ataandikia nyumbani. Enda na rafiki kama peke yako ni ngumu. Na kama kuna usiku umewahi fikiria kujidhuru, usingoje Jumatatu, amsha mtu uliye naye, enda hospitali iliyo karibu, ama piga 1199 ya Msalaba Mwekundu, ni bure. Haya mengine yote ya kozi yatangoja.

Mwishowe mama. Umesema ni kama unamuibia. Sidhani yeye anaona hivyo, lakini mimi simjui, wewe ndio unamjua, kwa hivyo mulize. Na kuna njia nzuri ya kuanza hayo mazungumzo. Gikomba wana kamera yao, unajua, ile nguo ya kwanza kuchaguliwa belo likifunguliwa asubuhi, bei iko juu, alafu kufika saa sita kilichobaki kinamwagwa chini kwa bei ya kutupa. Watu maelfu wa Nairobi wanavaa mitumba na hawajui hiyo hesabu, nani anafungua belo, nani anaruhusiwa kuchagua wa kwanza, hasara ni ya nani belo likiwa baya. Amka naye Jumamosi moja kabla ya kuenda kwa binamu, fika naye alfajiri, rekodi belo likikatwa, ile sauti ya kamba na ya watu wakiita bei, alafu mkirudi jioni mkae katikati ya nguo umuulize maswali yako, na uombe ruhusa kabla ya kurekodi mtu mwingine yeyote. Kata ibaki dakika tatu. Nitumie, nitaisikiliza yote na nitakuandikia pale nimeona inalegea.